Vitabu vya maisha ya marais na msomaji wa Tabora

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotuhusu sisi wapenzi wa historia ambao si wahadhiri wala watafiti, nalo ni namna tunavyovisoma, au tunavyokataa kuvisoma, vitabu vya maisha ya marais. Mara nyingi hukutana na watu, tena watu makini wanaosoma sana, wanaosema kwamba vitabu hivyo havimfai mtu anayetafuta historia, kwa sababu aliyetawala huandika ili ajitetee, na asipoandika mwenyewe huandikiwa na mtu wa kumvika kilemba cha ukoka. Hoja hiyo ina uzito. Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake, na sioni kwa nini rais mstaafu aivute kwa jirani. Hata hivyo, kukiweka kitabu kando kwa sababu mwenye kitabu anajipendelea ni kama hakimu kuwafukuza mashahidi wote mahakamani kwa sababu kila mmoja amekuja na upande wake. Shahidi husikilizwa, kisha huulizwa maswali, na maswali huwa makali zaidi yakitoka kwa mtu anayepajua mahali panapozungumzwa. Mimi napajua Tabora, basi nauliza kutokea hapa.

Kitabu cha namna hiyo kinapofika mikononi mwangu sianzi na utangulizi. Utangulizi kwa kawaida huandikwa na mtu anayemheshimu mhusika na anayetaka nasi tumheshimu kabla hatujafika sura ya kwanza. Naanza nyuma, kwenye faharasa, kwa sababu huko hakuna anayenibembeleza. Natafuta Tabora, kisha Unyanyembe, kisha Kigoma na Ujiji, kisha reli, tumbaku na Ulyankulu. Kurasa ninazoelekezwa huko ndizo ninazozisoma kwanza, kwa kuwa ndizo ninazoweza kuzipima kwa ninayoyajua au kwa ninayoweza kuwauliza wazee wa hapa hapa mjini. Mwandishi akiwa mwangalifu katika kurasa hizo, namwamini zaidi ninapofika kwenye mambo ya Dodoma, London na New York, ambako sina namna ya kumkagua. Akichanganya shule mbili za mji mmoja, basi hata masimulizi yake ya Baraza la Mawaziri nayapokea kwa tahadhari. Vipo pia vitabu vizito, vyenye picha nyingi za rangi na karatasi ya kung'aa, ambavyo havina faharasa kabisa. Hivyo navihesabu kuwa vimetengenezwa ili vitolewe zawadi, si ili visomwe.

Wa kwanza kupimwa kwa njia hiyo ni Mwalimu Julius Nyerere, kwa sababu mji huu ulimpata akiwa kijana, ukampata tena akiwa mtu mzima. Alikuja kutoka upande wa Musoma kusoma katika shule ya serikali ya wavulana kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alirudi mwaka 1946 kufundisha biolojia na Kiingereza katika shule ya wamisionari ya Mtakatifu Maria, hadi alipopata nafasi ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Wengi wetu tunayajua hayo kama mstari mmoja wa kukariri: alisoma hapa, akafundisha hapa. Lakini wanahistoria waliofuatilia miaka yake ya mwanzo wametuonesha mtu mwenye shughuli nyingi kuliko mstari huo. Nafasi katika shule ya serikali ilikuwepo na mshahara wake ulikuwa mkubwa zaidi, naye akachagua kwenda kwa wamisionari. Alikuwa mweka hazina wa tawi la Tabora la TAA (Tanganyika African Association), chama kilichotangulia TANU, na tawi hilo lilifungua duka la ushirika lililouza sukari, unga na sabuni. Kwa kipindi kifupi alifanya pia kazi ya kukagua bei, akiingia katika maduka ya mji huu kuangalia wenye maduka wanauza kwa kiasi gani, na akaiacha kazi hiyo baada ya kuona kwamba taarifa alizopeleka kuhusu bei zisizo halali hazishughulikiwi na wakubwa.

Hapo ndipo mimi husimama na kitabu nikakifunga kwa muda. Mwalimu wa shule, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, anatoka darasani jioni na kwenda kuhesabu mauzo ya sabuni, na siku nyingine anaingia dukani kuuliza bei ya sukari akijua kwamba mwenye duka hamwogopi. Mtu huyo huyo baadaye aliongoza nchi iliyounda Tume ya Bei ya Taifa mwaka 1973, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ili maduka ya ushirika yachukue nafasi, na iliyoendesha msako mkubwa wa walioitwa wahujumu uchumi mwaka 1983. Sisemi kwamba sera hizo zilizaliwa katika duka la TAA la Tabora. Mtu akisema hivyo atakuwa ameruka mbali sana, maana hapo katikati kuna Azimio la Arusha, bei ya mafuta, ukame wa mwaka 1973 na 1974, vita ya Uganda, na mawazo ya ujamaa ambayo yalikuwa yakizunguka dunia nzima. Ninachosema ni kwamba kijana aliyepuuzwa na wakubwa wa kikoloni alipopeleka taarifa zake ni mtu ninayeweza kumwelewa, na swali linalofuata ni swali la historia kwa maana kamili: je, kazi ile ilimfundisha kwamba bei haikaguliki, au ilimfundisha kwamba ilikosa tu mkaguzi mwenye nguvu? Hakuna hotuba ya sikukuu itakayolijibu. Wasifu mzuri unaweza angalau kuliweka wazi, na msomaji aliyekulia katika foleni za sabuni za miaka ya themanini atakuwa na la kuchangia.

Tabora inaingia tena katika maisha ya Mwalimu Januari 1958, katika mkutano mkuu wa mwaka wa TANU. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu, ambao kila jimbo lilitakiwa kuchagua wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kila mpiga kura alilazimika kuwapigia watu wa makundi yote matatu, la sivyo kura yake ingeharibika. Juu ya hayo, haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo ambayo Waafrika wengi hawakuyafikia. Wajumbe wengi walifika hapa wakitaka chama kisusie. Mwalimu aliwashawishi waingie katika uchaguzi huo, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda katika awamu zote mbili, ya mwaka 1958 na ya mwaka 1959, na mkutano ule ukaingia katika historia kwa sifa ya Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama cha ANC (African National Congress) cha hapa hapa Tanganyika, na mwaka 1962 akasimama dhidi ya Mwalimu katika uchaguzi wa kwanza wa rais, ambako alipata kura chache mno.

Tatizo la sifa hiyo ni kwamba ilitolewa na walioshinda, na baada ya kushinda. Mwanafunzi anayelisoma tukio hilo leo anaona kama vile watu wenye busara walikutana na watu wasio na busara, na mambo yakaisha. Thamani ya wasifu, unapoandikwa kwa uaminifu, ni kuturudisha katika siku zile ambapo jibu halikujulikana, wakati ambapo mtu mzalendo mwenye akili timamu aliweza kuamini kabisa kwamba kuingia katika kura tatu ni kuukubali ubaguzi kwa mkono wako mwenyewe. Bila kumwelewa aliyepinga, hatuwezi kupima uzito wa kazi aliyoifanya aliyeshawishi.

Kuhusu jambo hilo ninayo nakala moja ya kitabu cha zamani cha maisha ya Mwalimu, niliyoinunua kwenye meza ya vitabu vikuukuu jirani na soko, jalada likiwa limeshikiliwa kwa uzi wa kushonea viatu. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa na tabia ya kuandika pembezoni kwa penseli iliyochongwa vizuri, kwa herufi ndogo za watu waliosoma zamani. Katika kurasa nyingi amepiga mistari tu. Lakini kwenye ukurasa wa mkutano wa Tabora ameandika "haikuwa rahisi hivi", na chini yake ametaja kwa ufupi mahali ambapo wageni wa majimbo mengine walilazwa na nani aliwapikia, mambo ambayo kitabu chenyewe hakina. Nilimuuliza muuzaji alikitoa wapi. Alisema alikinunua pamoja na vingine kwa kupima kwenye mizani, kutoka katika nyumba iliyokuwa ikihamwa baada ya mzee kufariki, na hakukumbuka ni nyumba ipi. Maelezo yale ya penseli, kwa mtazamo wangu, yana thamani kuliko sura nzima yaliyoandikwa pembeni yake, lakini siwezi kuyatumia popote kwa sababu hayana mwenyewe.

Ndiyo maana nashauri kwamba wasifu wa rais usisomwe peke yake. Anayesoma habari za kuzaliwa kwa TANU katika vitabu vya Mwalimu asome pia kitabu cha Mohamed Said kuhusu maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na baadaye kwa Kiswahili. Sykes alikuwa kiongozi wa TAA ambaye Mwalimu alimshinda katika uchaguzi wa chama mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya TANU kuundwa. Mtu si lazima akubaliane na kila hoja ya kitabu hicho, na mimi mwenyewe zipo ambazo sizikubali, ili aone faida yake: kinaonesha chumba kile kile kutoka kwenye kiti kingine. Vivyo hivyo kwa watu wa kwetu. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alisoma Tabora na Makerere, akawa waziri katika serikali ya kwanza, akajiuzulu mwaka 1963, mwaka ambao pia mamlaka ya machifu yalifikia mwisho, na miaka ya tisini akarudi katika siasa za vyama vingi. Katika vitabu vya viongozi wakuu mtu kama huyo mara nyingi huingia ukurasa mmoja na kutoka ukurasa unaofuata, wakati ukimfuata yeye unapata historia nyingine ya uhuru, iliyo ngumu zaidi kusimulia jukwaani.

Wapo watakaosema kwamba ninadai mengi mno kwa mwandishi wa maisha ya mtu mmoja. Jibu langu ni kumtaja Mmarekani Robert Caro, ambaye tangu mwaka 1982 ametoa majuzuu manne kuhusu Rais Lyndon Johnson huku la tano likiendelea kusubiriwa. Alipogundua kwamba watu wa sehemu aliyotoka Johnson, vilima vya Texas, hawamwamini mgeni wa mjini, yeye na mke wake walihamia huko wakaishi kwa takriban miaka mitatu. Matokeo yake ni kurasa za ajabu kuhusu wanawake waliokuwa wakichota maji visimani kwa mikono na kunyoosha nguo kwa pasi nzito za chuma zilizopashwa moto juu ya jiko la kuni, katika joto la kiangazi, kabla Johnson akiwa mbunge kijana hajasaidia kuwaletea umeme mwishoni mwa miaka ya thelathini. Msomaji wa Isevya au Ng'ambo aliyekua na pasi ya mkaa hahitaji kufasiriwa kurasa hizo. Na baada ya kuzisoma unaelewa kwa nini watu wale walimpigia kura Johnson, pamoja na hila zake zote, ambazo mwandishi huyo huyo hazifichi hata kidogo. Huo ni wasifu wa rais, lakini pia ni historia ya wanawake wa vijijini, ya umeme na ya uchaguzi wa wizi, vyote mahali pamoja.

Jambo jingine ambalo msomaji anapaswa kulitazama mapema ni wakati ambapo kitabu kiliandikwa, kwa kuwa hilo hueleza mengi kuhusu kilichomo na kilichoachwa. Kenneth Kaunda aliandika habari za maisha yake mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Zambia kuwa huru, na Kwame Nkrumah alitoa cha kwake mwaka 1957, Ghana ilipojitawala, akiwa bado waziri mkuu. Vitabu hivyo vina joto la mapambano kwa sababu waandishi wake walikuwa bado hawajawa na urais wa kuutetea. Tofauti na hivyo, kitabu cha maisha ya Daniel arap Moi kilichoandikwa na Andrew Morton, yule yule aliyejulikana kwa kitabu chake kuhusu Diana wa Uingereza, kilitoka mwaka 1998, Moi akiwa bado Ikulu, na mimi nilikisoma nikijua kwamba mashahidi wengi waliohojiwa walikuwa bado wanaishi chini ya mamlaka ya mhusika. Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Ulysses Grant, jenerali na rais wa Marekani kuanzia mwaka 1869 hadi 1877. Alifilisiwa na mshirika wake wa biashara, akapata saratani ya koo, na akaandika kumbukumbu zake akishindana na kifo ili familia yake ipate pa kushika. Alizimaliza siku chache kabla ya kufariki Julai 1885, na kampuni ya mwandishi Mark Twain ikazichapisha. Zinasifiwa mpaka leo kwa lugha yake nyoofu. Lakini zinahusu vita, na ile miaka 8 ya urais wake karibu haimo kabisa. Wanahistoria wamejaza pengo hilo kwa kazi nyingi, na ukimya wa Grant wenyewe umekuwa sehemu ya wanachokichunguza.

Kwetu, Mwalimu hakuandika kitabu cha maisha yake, na Rais John Magufuli alifariki akiwa madarakani Machi 2021. Waliopata kuandika ni Rais Benjamin Mkapa, ambaye kitabu chake kilizinduliwa kwa Kiingereza Novemba 2019, miezi michache kabla ya kifo chake cha Julai 2020, na Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye kitabu chake cha Kiswahili kilizinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Wote wawili wanahitaji msomaji anayesoma huku akiuliza, na wote wawili wanamlipa.

Kwa Mzee Mwinyi nilikwenda moja kwa moja kwenye miaka ya sabini, alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kutokana na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Shinyanga ni majirani zetu, na ndugu wa waliokufa si watu wa kufikirika kwetu. Tumezoea kulisimulia tukio hilo kama somo la uwajibikaji, na kweli ni somo, maana hakuua yeye na hakuamuru. Lakini likisimuliwa hivyo kila mara, waliokufa wanageuka kuwa sababu tu ya sifa ya waziri. Msomaji wa kanda hii ana haki ya kutaka majina yao yaandikwe nao. Kuhusu ruksa, yaani kulegezwa kwa masharti ya biashara, jambo ambalo hadi leo linabishaniwa vijiweni, anayelinganisha tarehe atagundua kwamba ruhusa ya mtu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zake mwenyewe ilitolewa katika bajeti ya mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais, yaani mwaka mmoja kabla ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu Novemba 1985. Kugundua hilo hakumpunguzii Mzee Mwinyi, ambaye ndiye aliyesaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 na kubeba lawama zake, ila kunaharibu masimulizi yetu mepesi ya kwamba mmoja alifunga na mwingine akafungua. Na anayetaka kuona jinsi marais wawili walivyoweza kutofautiana bila kutupiana matusi, aweke kando ya kitabu cha Mzee Mwinyi kile kitabu chembamba cha Mwalimu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alichokiandika akiwa amestaafu, kwa hasira iliyopangwa vizuri, kuhusu Muungano na hoja ya serikali ya Tanganyika.

Rais Mkapa alikuwa mhariri kabla ya kuwa mwanasiasa; aliwahi kuongoza magazeti ya Uhuru, The Nationalist na Daily News, na unaweza kuiona kalamu ya mhariri katika namna anavyofupisha. Anapofika kwenye mauaji ya waandamanaji wa Januari 2001 huko Pemba anaandika kwa majuto, na ni nadra kwa mkuu wa nchi wa Afrika kufanya hivyo akiwa hai na kwa jina lake mwenyewe. Naliheshimu hilo. Hata hivyo majuto ni ushahidi wa hali ya moyo wa mtu, hayatoshi kuwa maelezo ya nani alitoa amri gani na saa ngapi. Kwa hayo msomaji anapaswa kutafuta kazi ya tume aliyoiunda yeye mwenyewe chini ya Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita, mzaliwa wa Tabora hii hii, ambaye baada ya maisha ya utumishi katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika alipewa jukumu zito la kuchunguza damu iliyomwagika nyumbani.

Narudi kwenye faharasa yangu kwa jambo moja ambalo sijaridhika nalo. Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu vijijini ilifanyika mwaka 1972, kabla ya tamko la Novemba 1973 kwamba kuishi katika vijiji ni lazima kwa nchi nzima. Mwaka huo huo wa 1972 wakimbizi walivuka kutoka Burundi, wengi wao wakafunguliwa makazi Ulyankulu, na mwaka 2014, zaidi ya miaka 40 baadaye, watu wa makazi hayo wakapewa hati za uraia. Hayo ni maamuzi ya marais, yaliyobadilisha ramani ya mikoa hii kuliko hotuba nyingi tunazozikariri. Lakini katika vitabu vya viongozi hutajwa kwa lugha ya takwimu na sera, kana kwamba familia zilizobomoa nyumba zao Kasulu na familia zilizofyeka msitu Ulyankulu hazikuwa na la kusema.

Kwa hiyo nina maombi, Mhariri. La kwanza ni kwa magazeti yetu, likiwemo lako. Kitabu cha kiongozi kinapozinduliwa tunaletewa picha za meza kuu na dondoo za hotuba za wageni waalikwa, na kwa kawaida habari inaishia hapo. Tunahitaji mtu akisome kitabu chote, achukue majuma mawili au matatu akitaka, kisha atuambie kinasema nini kipya, kinapingana na nani, na kimeruka wapi. Wachapishaji nawaomba faharasa na orodha ya tarehe, hata kama bei ya kitabu itapanda kidogo, na nawaomba wafikirie msomaji wa Kiswahili. Kazi kubwa ya majuzuu matatu kuhusu Mwalimu, iliyofanywa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata na kutolewa mwaka 2020 kwa Kiingereza, natamani niione kwa Kiswahili katika rafu za shule za sekondari za mikoa yote, tena na maelezo ya chini yake yakiwa kamili, maana mara nyingi kitabu kikirahisishwa kwa ajili ya shule kinachotangulia kukatwa ni ushahidi.

Waandishi wanaojiandaa kuandika maisha ya viongozi wengine, waliopo na waliotangulia, wasiishie Dar es Salaam na Dodoma. Treni ya kuja Tabora ipo, na wazee wa kuhojiwa wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Nina ombi pia kwa wasomaji wenzangu wa Tabora na Kigoma. Kama yupo ambaye mzazi au babu yake alihudhuria mkutano wa Januari 1958, au alipokea wageni wa mkutano huo nyumbani kwake, na kuna daftari, barua, picha au hata stakabadhi iliyobaki ndani ya sanduku, namwomba aandike katika ukurasa huu aeleze ana nini, ataje jina lake na la huyo mzee, na aeleze jinsi alivyoipata. Picha isiyo na majina nyuma yake iandikwe majina sasa, kwa penseli, wakati bado yupo anayezitambua sura.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa historia,
Isevya, Tabora.